Visiwa vya mbali kwa wati 100: shajara ya mradi

Machi 2024. Orodha

Mradi wenyewe ni huu: kuwasiliana na visiwa vilivyo pembezoni kabisa mwa dunia kwa redio ya ridhaa (ya watu binafsi, si ya biashara), kwa wati 100 na antena za waya, bila kikuza nguvu wala mnara. Naandika kilichofanyika, kilichokwama na sababu yake. Saa zote humu ni za UTC, saa ya kimataifa, kwa tarakimu nne, hivyo 1740 isomwe hivyo hivyo, isigeuzwe kuwa saa ya Kiswahili.

Kazi ya kwanza ilikuwa orodha, nayo imeniamulia mengi hata kabla sijawasha redio. DXCC, programu ya tuzo inayosimamiwa na ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani, inatambua maeneo 340 duniani, na visiwa vimo tele. Kisiwa huweza kuhesabiwa peke yake kikiwa kilometa 350 au zaidi kutoka nchi inayokimiliki. Halafu ipo IOTA, iliyoanzishwa na Mwingereza Geoff Watts mwaka 1964 na kuchukuliwa na RSGB, chama cha redio ya ridhaa cha Uingereza, mwaka 1985. Hii hesabu yake ni visiwa tu, kila kundi na namba yake: AN-002 ni Bouvet, AF-002 ni Amsterdam na St Paul. Kwa sababu ya orodha hizi mbili, mwamba wenye barafu na pengwini hutafutwa hewani kuliko mji wa watu milioni kumi.

Orodha yangu nimeigawa mafungu matatu. La kwanza ni visiwa vyenye wakazi wanaomiliki redio: St Helena, Ascension, Falkland, Morisi, Réunion. La pili ni vyenye watu wachache mno, ambako redio ya ridhaa husikika kwa msimu: Tristan da Cunha na Pitcairn. La tatu ni visivyo na mkazi wa kudumu: Bouvet, Heard, Crozet, Peter I na wenzao. Fungu la kwanza linahitaji subira. La tatu linahitaji mtu mwingine ahatarishe maisha yake kwanza, nitalieleza mbele.

Machi, mwishoni. Kelele

Kabla ya antena nimeshughulikia kelele, na yeyote anayeanza kazi hii ningemwambia aanzie hapo. Sindano ya kipimo cha mawimbi kwenye MHz 14 ilikuwa imelala S7 (ngazi za nguvu ya mawimbi huanza S1 hadi S9) hata pasipokuwa na kituo chochote. Kituo cha kisiwani chenye wati 100 na kipande cha waya mara nyingi kitanifikia S3 au S4. Kwa hali ile ningeweza kukaa na redio mwaka mzima kisiwa kikiita, nami nikaapa kwamba bendi (eneo la masafa) imekufa.

Nilichofanya ni rahisi. Redio niliiunganisha kwenye betri, nikazima swichi kuu ya umeme ya nyumba nzima, nikatazama sindano. Ikashuka hadi S2. Kisha nikarudisha kifaa kimoja kimoja. Chaja ya simu ilileta mngurumo kila baada ya kHz sitini hivi. Taa mbili za LED zilikuwa kimya, ya tatu, ya aina ileile na kutoka boksi lilelile, ilipandisha sindano mpaka S6. Adapta ya ruta ilikuwa mbaya kuliko zote. Adapta na taa nimezibadilisha. Waya ambazo sikuweza kuziondoa nimezizungushia pete za feriti (huzuia kelele kupita kwenye waya), mizunguko saba au minane, maana mzunguko mmoja hausaidii kitu kwenye masafa haya.

Sasa sindano inalala S3. Kutoka S7 hadi S3 ni desibeli 24, kwa kuwa kila S moja ni desibeli 6. Masikioni mwangu ni sawa na kila kisiwa duniani kuwa kimeongeza nguvu mara 250 kwa ajili yangu. Kikuza nguvu cha wati 400 kingenipa desibeli 6 tu, tena za kusikika, si za kusikia. Upande wa pili hali ni tofauti: pengwini hawana chaja. Anayeendesha redio kwenye kisiwa kitupu husikia mawimbi dhaifu ambayo sisi tunaokaa kwenye umeme tumeshayasahau. Ndiyo maana wati 100 zinatosha mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Aprili. Waya na bikoni

Antena ni mbili. Ya kwanza ni dipoli, waya uliogawanywa katikati, ya MHz 14.1: chukua 143, gawanya kwa masafa, unapata mita 10.14 kwa waya wote, yaani mita 5.07 kila upande. Tatizo la dipoli ni kimo. Ili itupe mawimbi chini, karibu na upeo wa macho, inataka kuning'inia juu kwa nusu ya urefu wa wimbi, zaidi ya mita 10. Ikiwa chini ya hapo, nguvu nyingi hupanda wima na kurudi karibu. Hiyo inafaa kwa kuongea na mtu wa kilometa mia tano, haifai kwa Atlantiki ya Kusini. Mlingoti wangu haufiki kimo hicho.

Kwa hiyo ya pili ni ya wima, robo ya wimbi kwa MHz 21.2: mita 3.37 za waya kwenye fimbo ya fibaglasi, na waya nne za urefu uleule zimetandazwa chini yake, zikiwa zimeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Antena ya wima hutupa mawimbi chini hata ikiwa fupi. Huokota kelele zaidi, sababu nyingine ya kuanza na pete za feriti. Misafara ya visiwani huipenda kwa jambo moja ambalo mimi sina: maji ya chumvi. Ukiisimika hatua chache kutoka ufukweni, bahari inakuwa kioo chake, na mawimbi hutoka kwenye pembe ya chini kabisa bila kunyonywa na udongo.

Umbali ni suala la miruko. Wimbi hupanda hadi tabaka la F2, kilometa 250 hadi 400 juu yetu, hurudishwa chini, hugonga bahari au nchi, hupanda tena. Mruko mmoja hufika takriban kilometa 3,000 hadi 4,000. Kisiwa cha kilometa 10,000 kinadai miruko mitatu, na kila kituo cha njiani lazima kiwe na jua la kutosha kwa wakati uleule. Hapo ndipo mlango unapokuwa mwembamba. Tabaka la D, lililo chini zaidi, hunyonya masafa ya chini mchana kutwa, kwa hiyo MHz 7 hufaa usiku. Masafa ya juu nayo hukosa wa kuyarudisha jua likishazama. Kuna siku njia huwa wazi dakika ishirini tu, basi.

Kujua kama mlango umefunguka natumia bikoni, vituo vinavyotuma ishara vyenyewe kwa zamu, nazo naziamini kuliko utabiri wa programu yoyote. NCDXF na IARU, mashirika mawili ya redio ya ridhaa, wana mtandao wa vituo 18 duniani, kwenye MHz 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kituo kina zamu ya sekunde 10 kwa kila bendi, na mzunguko mzima ni dakika 3. Ndani ya sekunde hizo hutuma alama yake ya wito (jina lake la hewani, herufi na namba) kwa Morse, kisha milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne wati 0.1.

Jioni moja, 1740, kwenye 21.150, nilikaa na ZS6DN wa Afrika Kusini. Alama ya wito ilisimama wazi. Mlio wa kwanza wazi, wa pili umekonda lakini upo, wa tatu unasikika kwa anayejua tu kwamba unakuja, wa nne hakuna. Hiyo ni njia yenye akiba ya desibeli 20: mtu wa upande ule akirusha kwa wati 100 na antena ya kawaida, namsikia vizuri. Dakika 3 baadaye mlio wa tatu ulikuwa umetoweka. Zamu mbili zaidi, ukarudi.

Atlantiki ya Kusini haina bikoni ya mtandao huu kisiwani. Navizia kwa kutumia LU4AA wa Ajentina upande mmoja na ZS6DN upande wa pili. Wote wawili wakisikika ndani ya mzunguko mmoja, naenda moja kwa moja kutafuta visiwa vilivyo katikati yao. Hivyo ndivyo nilivyompata St Helena mwishoni mwa mwezi, kwa Morse kwenye MHz 21. Nikaita, akajibu, tukapeana 599, yaani "nakusikia vizuri kabisa", kwaheri. (Kila mtu hutoa 599 hata kama anasikia kwa shida. Taarifa hii imegeuka kuwa salamu, na sioni faida ya kuipigia kelele.) Tangu ndege za abiria zianze kutua St Helena mwaka 2017, hata wageni hufika na redio ndogo kwenye sanduku. Tristan da Cunha, zaidi ya kilometa 2,400 kusini yake, haina uwanja wa ndege hadi leo. Ni meli kutoka Cape Town, karibu wiki nzima baharini. Umbali wa hewani kati ya visiwa hivi viwili ni mruko mmoja. Tofauti ya kuvipata ni kubwa mno, nayo haina uhusiano na mawimbi.

10 hadi 12 Mei. Jua

Wiki hii yote kundi la madoa ya jua lenye namba 13664 limekuwa likilipuka. Mlipuko wa daraja la X ukitokea, upande wa dunia wenye mchana hupoteza masafa mafupi kwa dakika kadhaa, wakati mwingine zaidi ya saa. Tabaka la D huvimba na kumeza kila kitu, na masafa ya chini ndiyo huchelewa kurudi. Nilikuwa nasikiliza MHz 14 wakati mmoja wa milipuko hiyo. Bendi haikufifia polepole, ilizimika, kiasi kwamba mkono ulikwenda wenyewe kwenye kiunganishi cha antena kukikagua.

Milipuko hiyo ilikuwa mwanzo tu. Tarehe 10 dhoruba ya sumaku yenyewe ikafika, daraja la G5, ya kwanza ya daraja hilo tangu Oktoba 2003. Kipimo cha Kp, cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kikafika 9, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Njia zote zinazopita karibu na ncha za dunia zimekufa. Vituo vichache vya kaskazini vilivyosikika vilikuwa na sauti ya kutetemeka, Morse imeparuza badala ya kuwa mlio safi. Njia za kukatiza ikweta zilibaki na uhai kidogo. Visiwa vyangu vya kusini kabisa viko kwenye latitudo mbaya kwa siku kama hizi, kwa hiyo redio nimeizima na kuutumia muda huo kupima kebo ya antena. Inapoteza kidogo kuliko nilivyotarajia.

Juni. Fungu la tatu

Watu wakisikia "changamoto za visiwa vya mbali" hufikiria antena na umeme. Kwa fungu la tatu, changamoto ni kwamba upande wa pili hakuna mtu.

Mfano mzuri ni Bouvet, kisiwa cha Norwei katika Atlantiki ya Kusini, latitudo 54 kusini. Kina kilometa za mraba 49, na zaidi ya asilimia 90 ni barafu. Hakina bandari wala ufukwe wa maana. Msafara wa 3Y0Z (misafara hutajwa kwa alama zake za wito) ulikifikia mapema mwaka 2018, ukakiona kwa macho, ukasubiri hali ya hewa iruhusu helikopta. Injini ya meli ikapata hitilafu, wakageuza kwenda Cape Town bila kurusha hata neno moja kutoka kisiwani. Msafara wa 3Y0J ukaja Februari 2023. Mashua ya mpira haikuweza kutua kwa mawimbi, ikabidi watu waingie majini wakiwa na mavazi ya kuzuia baridi, na mizigo ivutwe kwa kamba. Vifaa vingi vilibaki melini. Walitoka na mawasiliano karibu 19,000. Linganisha na FT5ZM wa Amsterdam mwaka 2014, zaidi ya 170,000, au VP6DX wa Ducie mwaka 2008, zaidi ya 183,000. Waliosikitishwa na 3Y0J walisema mengi hewani. Mimi nadhani 19,000 kutoka mahali pale, kwa vifaa vilivyovutwa kwa kamba, ni kazi kubwa kuliko 183,000 za kisiwa chenye ufukwe.

Ruhusa nayo si jambo dogo. Visiwa hivi vingi ni hifadhi, ndege wa baharini huzaliana humo, na wenye mamlaka huweka idadi ya watu, muda na mahali pa kukanyaga. Crozet ilisikika mwishoni mwa 2022 hadi mapema 2023 kwa alama FT8WW, na aliyekuwa akiendesha ni mtu mmoja tu. Mtu mmoja, dunia nzima inamwita.

Agosti. Jarvis

Jarvis ni kisiwa cha Marekani katikati ya Pasifiki, chini kidogo ya ikweta, kilometa za mraba nne na nusu hivi, hifadhi ya wanyamapori. Msafara wa N5J umeingia hewani mwezi huu kwa mtindo mpya: redio zimewekwa kwenye masanduku nchi kavu, na waendeshaji wanaziongoza wakiwa melini. Wanaokanyaga kisiwa ni wachache na ndege hawasumbuliwi. Wapo wanaosema huko ni kudanganya. Sikubaliani nao: mawimbi yametoka kisiwani, antena iko kisiwani, kilichobaki ni urefu wa waya kati ya kidole na redio.

Kumsikia haikuwa kazi. Kazi ilikuwa msongamano wa wanaomwita. Kituo cha namna hii hurusha kwenye masafa yake na kusikiliza juu kidogo, kwa Morse kHz moja hadi nne au tano, kwa sauti hata kumi. Ukimwita kwenye masafa yake mwenyewe, unawafunika wengine wasimsikie. Wapo wanaofanya hivyo, halafu wanafuata wanaojiita polisi, wanaopiga "UP UP UP" juu ya kituo kilekile wanachodai kukilinda. Ukiniuliza, polisi huleta hasara kubwa kuliko wahalifu.

Nilichofanya ni kunyamaza. Redio inaniruhusu kusikiliza masafa mawili, sikio la kushoto kisiwa, la kulia msongamano. Kisiwa kikijibu fulani, namtafuta huyo fulani upande wa kulia wakati anatuma 599 yake, nione alikuwa wapi. Akaonekana kwenye kHz 1.8 juu. Aliyefuata 2.0. Aliyefuata 2.2. Mwendeshaji alikuwa anapanda ngazi kwa mpangilio, na mamia walikuwa wamejazana chini kwenye 1.0 wakimwita mahali alikotoka zamani. Nikajiweka 2.6, nikaacha wawili wapite, nikatuma alama yangu mara moja tu. Akanijibu. Kwa wati 100, juu ya watu wenye wati elfu na zaidi.

Nilibaki kusikiliza nusu saa baadaye. Alipofika karibu kHz 4 alirudi chini akaanza upya.

Septemba

Ikwinoksi, usiku na mchana vinalingana. Bendi za juu zimechangamka, MHz 28 imefunguka mpaka usiku. Nimewapata Ascension na Réunion. Falkland amesikika kwa njia ndefu, yaani mgongoni mwa dunia, asubuhi mbili mfululizo, dhaifu lakini thabiti. Hatukuelewana.

Oktoba. FT8

Tarehe 15 NASA na NOAA wametangaza kwamba jua limeingia kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25. Hewani tulishalijua hilo, ila ni vizuri kulisikia rasmi.

Nimeulizwa kwa nini nang'ang'ania Morse wakati FT8, njia ya kuwasiliana kwa kompyuta, ipo. FT8 ilitoka mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor, yule mwanafizikia wa Nobeli ya 1993, na Steve Franke. Kompyuta hutuma kwa zamu za sekunde 15, kila kituo kinachukua upana wa Hz 50 hivi, na hutambua mawimbi yaliyo desibeli 21 chini ya kelele za upana wa Hz 2,500. Hakuna sikio linaloweza hivyo. Saa ya kompyuta lazima iwe sahihi ndani ya sekunde moja hivi, la sivyo huambulii kitu. Naitumia, mlango ukiwa umefunguka nusu, FT8 hupita pale ambapo Morse inakwama.

Lakini imetatua tatizo moja na kulikuza lingine. Zamani kelele na antena mbovu zilipunguza watu kwenye foleni. Sasa anayemsikia kisiwa vibaya anamsikia vya kutosha, na anaita. Foleni imekuwa ndefu, na ndani yake hakuna ngazi ya kuifuatilia kwa sikio. Kwenye Morse ujuzi wa kusikiliza unanirudishia kile nilichokosa kwenye nguvu. Kwenye FT8 ninarudi kuwa mtu wa wati 100.

Novemba. Daftari

Mawasiliano hayajakamilika mpaka kisiwa kithibitishe. Natumia LoTW, huduma ya ARRL iliyopo tangu 2003: daftari langu na la kisiwa hulinganishwa, alama ya wito, bendi, aina ya mawasiliano, na muda usiopishana zaidi ya dakika 30. St Helena, Ascension na Jarvis wameingia. Réunion hajaingia, na nadhani najua sababu. Alama yangu ina herufi H, nukta nne kwenye Morse. Mawimbi yakififia ikapotea nukta moja, inabaki S. Nikisikiliza rekodi ya usiku ule, naye anairudia alama yangu kwa H sawasawa, lakini kuna mpigo mmoja umemezwa katikati nilipokuwa natuma mara ya pili. Nimemwandikia kumwomba atazame dakika ile kwenye daftari lake. Kadi ya karatasi nitaituma pia.

Tristan bado. Pitcairn bado. Fungu la tatu lote linasubiri meli za watu wengine.

Kinachofuata ni antena ya wima ya MHz 10.1. Bendi hiyo ni nyembamba, kwa kawaida haitumiwi kwa sauti, mashindano hayafanyiki humo, na jioni hukaa wazi kuelekea kusini baada ya MHz 21 kufungwa. Hesabu inatoa mita 7.08. Waya nimeukata mita 7.3, nitaupunguza kidogo kidogo fimbo ikishasimama, na waya za chini zitakuwa nane badala ya nne.